Baridi Kutoka Kwenye Moshi

Kiwanda cha maziwa, bondeni
2 Februari

Mume wangu,

Nimefika salama, na mtambo umefika salama kuliko mimi. Mimi niligonga paa la lori kwa kichwa kila tulipoingia shimoni. Wenyewe ulikuwa umelazwa juu ya magodoro na kufungwa kamba kama mgonjwa wa mfupa. Simu usihangaike nayo. Huku mtandao haushiki mpaka upande kilima, na kilima chenyewe kina mbuzi wasiopenda wageni. Dereva wa lori la maziwa amekubali kubeba barua zetu. Anasema kama maziwa hayajamshinda, karatasi haitamshinda.

Kiwanda hiki ni uwanja mmoja wenye pande mbili zisizosalimiana. Kushoto kuna boila. Inakula kuni tangu alfajiri ili maziwa yachemshwe, na dohani yake inatupa moto mtupu angani. Ukisimama karibu nayo unahisi nyusi zinakauka. Kulia, hatua chache tu, kuna kompresa za kupoza maziwa yale yale, nazo zinakula umeme. Umeme wenyewe huku ni mgeni: unakuja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Ukiondoka, wafugaji waliotembea na mikebe tangu kiza wanarudishwa nayo kichwani.

Nilikuahidi kukueleza mtambo huu, pampu yetu ya joto, kwa lugha isiyo ya chuo. Ndani yake kuna maji na amonia, ile hewa kali inayotoa machozi. Hao wawili wanapendana; ukiwaweka pamoja, maji yanaifyonza amonia yote. Joto la dohani ndilo linalowatenganisha. Amonia ikishafukuzwa, naipoza mpaka iwe kimiminika, halafu naiachia ghafla mahali penye nafasi. Hapo inageuka mvuke na kunyang'anya joto kila kilicho jirani yake, nami napata maji baridi kama barafu ya kupozea maziwa. Kisha maji yanaiita, inarudi, na wakikutana wanatoa joto. Hilo nalo silitupi: linapasha maji ya kuoshea matangi. Moshi uliokuwa ukipotea unatupa baridi mkono huu na moto mkono huu, na umeme unaotakiwa ni wa pampu moja tu.

Meneja wa kiwanda ni mama wa makamo, anaitwa Bi Meneja hata na watoto wake. Hakunipokea kwa maneno mengi. Alinipeleka nyuma ya ghala akanionyesha mitambo ya jua iliyoletwa zamani na watu wenye tai. Kuku wanatagia humo. Akaniambia anaomba wangu usije ukawa banda la bata.

Nikarudi uwanjani kuufungua kamba mtambo. Lakini nikwambie wewe: kila mshono wa chuma kile umechomelewa kwenye karakana yetu, na nusu yake kwa mkono huu unaoandika. Hatukuununua mahali. Tumeutengeneza. Nikiutazama pale uwanjani najiona nimerefuka.

Msalimie Mama.

Mkeo


Dukani
9 Februari

Mke wangu, Injinia wa nyumba hii,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, ya pili kwa Mama, na ya tatu kwa mteja aliyekuja kupunguziwa suruali kiuno, ambaye hakuomba kusomewa. Aliondoka anajua habari za amonia kuliko za suruali yake.

Mama hakuridhika. Unamjua, miaka ya kufundisha hesabu haijamtoka. Anasema joto lililoingia ni kiasi fulani, sasa kama unatoa baridi huku na moto huku, na ukijumlisha moto unaotoka ni mwingi kuliko ulioingia, hiyo ziada umeitoa wapi? Anasema usimletee miujiza. Mjibu, maana ananiuliza mimi kana kwamba niliuchora.

Mimi nimeelewa upande wa mapenzi tu. Wakitenganishwa, baridi, wakirudiana, joto. Kwa hilo hukuhitaji kwenda bondeni. Ungemuuliza mtu anayelala peke yake kitanda cha watu wawili.

Fundi viatu wa jirani ameniuliza ni nani ananipikia siku hizi. Nikamwambia napika mwenyewe, na vizuri. Akauliza tena, mwanamke gani anaacha nyumba kwenda kufunga mabomba. Nikamwambia ni yule yule aliyemtengenezea jiko lake mwaka jana, au amesahau lilivyokuwa likimchoma nyusi. Akarudi kwenye soli zake.

Kula vizuri. Usipande kilima kwa ajili ya simu. Mbuzi hawana adabu.

Mumeo, Fundi


Bondeni
2 Machi

Mume wangu,

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Kazi inaendelea.

Mwambie Mama ziada ile imetoka kwenye maziwa yenyewe. Yanakuja na joto la ng'ombe, sisi tunalihamisha tu na kulipeleka panapohitajika. Hakuna muujiza.

Mvua zimeanza na maziwa yameongezeka. Je, ule mfereji wa paa mmeurekebisha? Angalia Mama asipande ngazi.

Mkeo


Dukani
9 Machi

Mke wangu,

Mfereji umerekebishwa. Mama alipanda ngazi.

Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti. Ukiwa na furaha wewe huandika mpaka pembezoni mwa karatasi, unageuza, unaendelea juu ya anwani. Sitakuchokonoa. Ukitaka kusema utasema.

Mimi nina neno moja tu, naomba ulishike. Usirudi nyumbani kabla mtambo huo haujafanya kazi. Hata ukisikia nini, hata ukiletewa habari gani kutoka huku, usipande lori. Kaa hapo hapo. Na usiniulize kwa nini.

Hapa kazi ni nyingi, sare za shule zimenijaa mpaka mlangoni.

Mumeo, Fundi


Bondeni
16 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeianza nimesimama nikaimaliza nimekaa. Naona habari umeshazipata kwa watu. Basi zipate na kwangu.

Siku chache kabla ya ile barua yangu fupi, tuliujaribu mtambo mbele ya wafugaji. Bi Meneja aliruhusu tangi moja zima lipozwe na mtambo wangu peke yake. Asubuhi yote ulifanya kazi kama nilivyouota. Maji yalitoka yakiuma vidole. Mfugaji mmoja mzee alitia mkono, akautoa, akautia tena huku akicheka, na nyuma yake watu wakapanga mstari kila mtu atie wake. Nilikwenda kula nikiwa na raha ambayo sikuwahi kuipata kazini.

Niliporudi, kipimajoto kilikuwa kinapanda. Nikafungua vali, nikafunga vali, nikaongeza joto, kilizidi kupanda. Jioni maziwa yalikuwa yamechachuka yote. Walifungulia tangi mtaroni, na mtaro ukawa mweupe mpaka barabarani. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana. Mkurugenzi wa kampuni yetu alikuwepo. Akaniambia nisiguse kitu mpaka mtaalamu atakayemwita mwenyewe afike, akaingia garini bila kunywa hata maji.

Tangu hapo nakaa chumba cha wageni nautazama mtambo kupitia dirishani. Nilikuwa nimepanga nije nyumbani kidogo, nikae pale dukani nikusikilize ukisema upuuzi wako, halafu nijue la kufanya. Nilidhani mlango ule hauna masharti. Sikujua kwamba na wewe unamtaka mke mwenye mtambo unaofanya kazi, na asipokuwa nao abaki huko huko.

Nitabaki.

Mkeo


Nyumbani
20 Machi

Kwa mkwe wangu,

Mwanangu amenikataza kukuandikia. Kuandika kwenyewe nilimfundisha mimi, kwa hiyo katazo lake halina nguvu. Tangu asome barua yako anakanyaga cherehani bila kitambaa.

Sasa sikiliza, na usirukeruke mistari.

Siku chache kabla hajakuandikia ile barua yake, mkurugenzi wenu alikuja dukani. Alikaa kwenye benchi la wateja, akazisifu kazi zote zilizotundikwa, akaulizia suti ambayo hakuihitaji. Halafu akashusha sauti. Alisema umeshindwa mbele za watu na jina la kampuni linachafuka. Kukuondoa kwa amri kutazua maneno. Ingependeza zaidi uondoke mwenyewe, kwa shida ya kifamilia. Akamwomba mwanangu akuandikie kwamba mimi ni mgonjwa, hali yangu ni mbaya, uje upesi. Alijua ungepanda lori siku hiyo hiyo. Mtaalamu angeshika nafasi yako, na kila mtu angebaki na heshima yake. Hivyo ndivyo alivyosema: kila mtu.

Mimi nilikuwa pembeni nachambua vifungo. Hakunijua, nadhani aliniona kibarua.

Mwanangu alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, ndipo akamwambia, "Mgonjwa mwenyewe yule pale. Muulize anaumwa wapi."

Nikasimama. Nikamwambia kwamba sijaugua kitandani tangu nimzae huyo anayewashonea watu, na kwamba kama anahitaji maiti ya kumtolea mkwe wangu kazini, akaitafute kwao. Aliondoka upesi akaacha miwani juu ya benchi. Ipo hapa, nimeifungia karatasi.

Mwanangu hakutaka ujue. Alisema yule ni mkubwa wako, bado utafanya naye kazi, na si vizuri kila ukimwona umwone shetani usoni pake. Lakini aliogopa bwana yule atakuandikia mwenyewe kwamba nimekufa. Ndiyo maana akakwambia usipande lori hata ukisikia nini. Hajui kuandika barua ngumu, anajua kushona tu. Aliandika "usirudi" na alichomaanisha ni "usitolewe".

Mtambo wako siujui na sitajifanya naujua. Wewe ndiye ninayekujua. Ulipoolewa hapa, wiki ya kwanza, uliifungua saa yangu ya ukutani ukatawanya vipande mezani, wageni wakaingia, nami nikaona aibu ya mwaka. Uliwaamkia kwa adabu ukaendelea. Walipoondoka ilikuwa inatembea.

Mama mkwe wako, mzima wa afya


Bondeni
30 Machi

Mama yangu, na wewe mume wangu unayesoma juu ya bega lake,

Nilicheka mpaka mpishi wa kiwanda akaja kuchungulia. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikavaa buti.

Mume wangu, nilikusoma vibaya na nikakujibu vibaya zaidi. Tutayamaliza uso kwa uso, ukiwa umenipa nafasi kwenye lile benchi.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Meneja. Nikamwambia mtambo ni wa kampuni yetu lakini umesimama kwenye kiwanda chake, na ninaomba ruhusa ya kuufungua kabla mtaalamu hajafika. Akaniuliza kama najua kinachouuma. Nikasema nadhani najua. Akasema "nadhani" imeshamwagwa mtaroni, anataka nyingine.

Basi nikamwonyesha. Nilivaa kinyago, nikasimama upepo ukinipiga kisogoni, nikachota kwenye vali ya chini kabisa, upande wa baridi, nikajaza chupa. Mahali pale panatakiwa amonia tupu, na amonia tupu ukiiacha wazi inachemka yenyewe mpaka inakwisha. Ile ya chupani ilichemka kidogo, ikatulia, na karibu nusu ikabaki. Yalikuwa maji. Yalikuwa yanapanda pamoja na amonia na kujikusanya mahali pasipo pake, yanaishika isiruke, na isiporuka haipozi.

Sababu ilikuwa dohani. Vipimo nilivyotumia kuuchora mtambo vilichukuliwa kiangazi, boila ikiwaka nusu siku. Mvua zilipoleta maziwa, boila ikachochewa kutwa nzima na moshi ukawa mkali kupita nilivyohesabu. Asubuhi ulikuwa bado mpole. Mchana ukachemsha na maji yasiyotakiwa kuchemka. Kwa hiyo ni kurefusha kale kamnara ambamo mvuke unapoa maji yadondoke, na kuweka bomba la kuyarudisha yatakayoponyoka.

Bi Meneja aliitikisa ile chupa machoni pake, akaiweka juu ya meza kama shahidi.

"Fungua," akasema.

Naanza kesho. Niombeeni.

Wenu


Bondeni
27 Aprili

Mume wangu,

Tafuta mahali pa kukaa.

Kamnara nilikachomelea mwenyewe. Tulijaza naitrojeni kwa shinikizo, tukapaka povu la sabuni kila mshono, na hakuna hata kiputo kimoja kilichotoka. Ungekuwepo ungeikagua kwa ukucha, kama unavyokagua kola, na usingepata pa kusemea. Tukauwasha polepole, tangi dogo kwanza, siku baada ya siku, mchana kutwa, moshi ukiwa mkali. Kipimajoto hakikusogea. Bi Meneja alikuwa akipita kila saa kana kwamba anakwenda mahali pengine.

Halafu ikaja siku ya soko, siku ambayo maziwa hufika mengi kuliko siku zote. Mikebe ilipanga mstari kutoka kwenye ubao wa kupokelea maziwa mpaka nje ya geti. Kabla ya saa sita umeme ukakatika. Kompresa zikanyamaza zote pamoja, na watu mstarini wakaanza kuinamia mikebe yao bila kuambiwa, maana wanaujua ukimya ule.

Jenereta ya kiwanda haina nguvu ya kuinua kompresa hata moja. Lakini inatosha pampu za boila, na inatosha pampu yangu. Bi Meneja akanijia pale kwenye mtambo. Hakuniuliza kama nadhani.

"Yote?" akasema, akionyesha mstari.

"Yote ya leo," nikamwambia.

Akageuka akaamuru mikebe ipokelewe. Nilisimama kwenye kipimajoto mpaka miguu ikafa ganzi. Saa nane kilikuwa pale pale. Saa kumi pale pale. Watu waliokwisha kupokelewa maziwa hawakwenda nyumbani. Walikaa uwanjani wakinitazama mimi, na mimi nikitazama sindano. Ilipofika jioni, yule mzee aliyetia mkono mara ya kwanza akaja akaomba kutia tena. Safari hii hakucheka. Aliuacha humo mpaka akashindwa kuvumilia, akaniambia, "Baridi ya asubuhi ile." Umeme ulirudi kesho yake. Hakuna mkebe uliorudishwa. Nilimkuta Bi Meneja pale pa kuoshea matangi, ameweka mikono chini ya bomba la maji ya moto, ya moto huo huo wa mtambo, na haoshi kitu.

Mkurugenzi alifika siku mbili baadaye na mtaalamu wake. Mtaalamu ni mtu mstaarabu. Alizunguka mtambo, akasikiliza pampu, akauliza habari za kamnara, kisha akaomba aruhusiwe kunakili mchoro wangu. Alisema hapa hana kazi. Mkurugenzi akaanza kuhutubia wafugaji, "sisi kama kampuni tulijua tangu mwanzo." Nikangoja amalize. Nikampa mkono, nikamwambia mbele yao wote, "Mama mkwe wangu anakusalimu sana. Yuko mzima."

Akapapasa mfuko wa koti akitafuta miwani.

Bi Meneja anataka mtambo wa pili, mkubwa zaidi, na ameandika kwenye mkataba kwamba hautapokelewa nisipousimamia mimi. Mkurugenzi ametia sahihi. Sina haja ya kugombana naye. Mume wangu, sijui kujisifu, lakini leo naomba uniruhusu: nimeiweza.

Dereva ana nafasi mbili mbele siku ya Jumamosi. Njooni.

Mkeo


Dukani
11 Mei

Mke wangu,

Tumefika salama. Mama amepumzika tangu jana, ila si ugonjwa, usije ukamwambia mtu. Amechoka kwa kubishana na dereva njia nzima juu ya mafuta ya lori na umbali. Dereva amesalimu amri.

Pale uwanjani ulidhani nimenyamaza kwa sababu ya harufu ya amonia. Ulinishika mkono wa kushoto ukauweka kwenye bomba la baridi, ukanishika wa kulia ukauweka kwenye bomba la moto, ukaniuliza nasemaje, nami nikasema "ni mazuri mabomba." Mtu anayesema kutwa nzima, halafu siku yenyewe anasifu mabomba. Ngoja niseme sasa.

Nimeoa mtu anayeweza kusimama mahali alipoaibika, mbele ya wale wale waliomwona, na kuifanya kazi ile ile upya mpaka iishe. Mimi nguo ikinishinda naificha chini ya meza. Nilipokuona ukipita katikati ya wafugaji na spana mfukoni, wakikupisha njia, nilitaka kumshika kila mmoja wao nimwambie kwamba unakoroma. Nilitaka wajue kwamba nakujua kuliko wao. Wivu wa kijinga, najua.

Mama anasema ziada ile ameihesabu mwenyewe kwa vipimo ulivyompa na imetimia. Hajakusifu zaidi ya hapo. Lakini asubuhi hii amemsimamisha fundi viatu mlangoni akamchorea dohani, boila na kamnara kwa chaki kwenye sakafu yangu, na kunikataza nisipafagie.

La mwisho. Wakati wa kuondoka ulikuwa bado ndani na Bi Meneja. Mlinzi wa geti hakunijua, akaniuliza mimi ni nani na natoka wapi. Hapa mtaani wewe miaka yote unaitwa mke wa fundi cherehani, na hujawahi kulalamika. Kabla sijajibu, mama mmoja mwenye mkebe akaniwahi, akamwambia mlinzi, "Mpishe. Huyo ni mume wa Injinia."

Mlinzi akafungua geti lote, si ule mlango mdogo. Nikamwomba yule mama arudie, nikajifanya sikusikia vizuri.

Maliza kazi yako. Ukimaliza, rudi.

Mume wa Injinia